Siku Bwana Katuni Alipokuja Nyumbani

Kaka yangu alimpa mchumba wangu mkono kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota soksi isiyo yake, halafu akauangalia mkono wake mwenyewe kabla ya kuurudisha mfukoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye Bwana Katuni," alisema.

"Ndiyo mimi," mchumba wangu alijibu, akatabasamu. Masikini, alidhani ni utani wa kumkaribisha. Hakujua kwamba jina hilo lilitungwa pale pale sebuleni kabla hajafika, na kwamba Shangazi alilicheka mpaka chai ikampalia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwa Mama. Tangu Baba afariki, kiti chake cha kichwani mwa meza kilirithiwa na kaka yangu, daktari wa upasuaji, ambaye sote tunamwita Daktari, hata Mama aliyemzaa. Shangazi, dada yake Baba, alikuja kwa sababu hapitwi na shughuli yoyote ambayo mwisho wake anaweza kuondoka amenuna. Alimkagua mgeni kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika kwenye nywele, akaguna.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Na hilo begi ni la nini? Umehamia?"

"Ni vifaa vya kazi, Shangazi."

"Ah. Vya kuchorea."

Mimi nilikaa karibu yake, goti langu likigusa lake chini ya kitambaa cha meza. Nilitaka ajue kwamba ndani ya chumba kile alikuwa na mtu wake.

Nilikutana naye kazini. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wanawake, chumba cha elimu ya matiti. Siku zote nafanya jambo lile lile: namkalisha mwanamke anayeogopa, namfundisha kujipima, nambembeleza asikimbie. Siku moja akaletwa kijana mrefu na kompyuta yake, nikaambiwa atakaa pembeni atazame ninavyoongea, kwa sababu wanatengeneza muuguzi wa katuni. Mgonjwa atavaa miwani mikubwa, ajione yuko kwenye chumba kitulivu, mbele yake ameketi muuguzi aliyechorwa, wazungumze. Nilisonya mbele yake bila aibu. Nilimwambia wagonjwa wangu si watoto wa kuonyeshwa vikaragosi.

Hakubishana. Alikaa kwenye kile kiti kibovu karibu na sinki, wiki baada ya wiki, akinitazama. Alijua lini nashusha sauti. Alijua kwamba nikiuliza swali zito nainamisha kichwa upande wa kushoto, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Yale macho yalianza kunifuata mpaka nyumbani. Nikawa napaka mafuta midomoni kabla ya kuingia kazini, mimi ambaye nilikuwa nawacheka wasichana wa mapokezi kwa hayo hayo. Miwani ilipokamilika, mimi mwenyewe niliwashawishi wagonjwa waijaribu. Na siku aliponiambia, "Sista, sijawahi kuona mtu anayejua kunyamaza kama wewe," nilijua nimekwisha.

Sasa alikuwa ameketi mezani kwetu, na Daktari alikuwa anamchambua kama kuku.

"Nieleze tena, maana huenda sijaelewa," Daktari alisema. "Mgonjwa anamwambia mdoli shida zake?"

"Si mdoli. Tunamwita Dada Tulia. Anauliza, anasikiliza, anamweleza mtu dalili za kuangalia na wakati wa kwenda hospitali. Hampi dawa. Hafanyi kazi ya daktari."

"Nashukuru. Nilikuwa nimeanza kuogopa kufukuzwa kazi."

Shangazi alicheka kwa sauti.

"Kuna watu wanaona haya kumwambia binadamu," mchumba wangu aliendelea, shingo imeanza kumlowa jasho. "Kwa katuni haya yanapungua."

"Na huyo Dada Tulia wako ana mikono? Anaweza kumgusa mgonjwa akajua hiki ni kidonda na hiki ni kovu?"

"Hapana."

"Ana macho?"

"Hapana, ila..."

"Basi ni redio iliyovalishwa kofia ya uuguzi." Daktari alijifuta mdomo. "Dada yangu alikataa wanaume wenye akili zao. Mhandisi alikuja hapa. Mwanasheria alikuja hapa. Akawarudisha. Kumbe alikuwa anasubiri mchora vikatuni."

"Kaka," nilisema.

"Nimesema uongo?"

Wakati huo Mama alikuwa hajasema neno. Mama ni mshonaji. Ameshona sare za shule za nusu ya mtaa wetu na magauni ya harusi ya nusu nyingine, na mabinti waliokuja kupimwa vipimo wakajikuta wanamwambia mambo ya ndoa zao ni wengi. Alikuwa anamwangalia mgeni jinsi anavyoangalia kitambaa ambacho hajaamua kukikata.

"Lete nivae," alisema.

Sote tuligeuka.

"Mama, achana na hayo mambo," Daktari alisema.

"Nimekuambia uvae wewe?" Mama alishainuka. "Njoo unifunge, mwanangu. Twende chumba cha cherehani, hawa wana kelele."

Niliwafuata mpaka mlangoni. Mama aliketi kwenye kiti chake cha kazi, kati ya marobota ya vitambaa, na mchumba wangu akamvalisha ile miwani kwa upole mkubwa, akiinua ushungi wake kidogo ili mkanda usimbane. Nilimpenda sana wakati ule. Nikawaza, mwanamume anayemshika mama yangu hivi, Daktari aseme mpaka achoke.

"Nikiongea na huyu mtu wako," Mama aliuliza, macho yamekwisha kufunikwa, "nani anasikia?"

"Hakuna mtu, mama. Ni wewe na yeye tu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Tukafunga mlango.

Tulirudi mezani, na maneno yakaendelea pale yalipoachwa. Shangazi alitaka kujua kama mtu anaweza kujenga nyumba kwa kuchora. Daktari alisimulia kisa cha mgonjwa aliyejitibu kwa kusoma mtandaoni, kisa kirefu, kilichoishia kwa yeye mwenyewe kumwokoa mgonjwa huyo. Mchumba wangu alijibu hili na lile. Sikioni alikuwa na kile kispika chake kidogo cheusi. Kazini hakivui, na mimi nilishakizoea kama mtu anavyozoea hereni ya mwenzake, hata sikukitilia maanani.

Kutoka chumba cha cherehani tulisikia Mama akicheka. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa mnong'ono tu nyuma ya mlango, tusijue anasema nini.

Hapo goti la mchumba wangu lilikakamaa. Niligeuka nikamwona ameshika kijiko bila kula, macho yameganda kwenye mlango ule. Akanitazama. Alinitazama kwa muda, kama anayetaka kusema kitu.

"Vipi?" nilimnong'oneza.

"Hamna kitu."

Akainua glasi akanywa maji.

Mama alitoka baadaye, miwani mkononi, macho mekundu kidogo. Nilidhani ni mwanga wa vile vioo.

"Anaongea vizuri huyo dada," alisema. "Hamkatizi mtu. Ila gauni lake halina mshono begani. Nani alimshonea?"

Mchumba wangu alicheka, kwa nguvu kuliko utani ulivyostahili. Mama akaenda jikoni kuleta chai.

Laiti Daktari angenyamaza hapo. Lakini Daktari hajui kuacha kitu ambacho hakijafa.

"Umeona?" alisema akimwelekezea kidole. "Umempa mama wa watu mchezo wa watoto, amefurahi, basi. Hiyo ndiyo kazi yako, kufurahisha watu. Wewe si mtaalamu wa chochote. Umekaa kwenye kona ya kliniki ukaiba sauti ya dada yangu, ukaiba anavyokaa, ukaiba anavyoongea, ukaviweka kwenye kifaa. Na sasa umekuja kumchukua mwenyewe. Hebu niambie kitu kimoja. Kimoja tu! Kitu ambacho hilo likatuni lako linaweza kukijua na mimi nisikijue."

Mchumba wangu aliweka glasi mezani.  Halafu akanyooka kwenye kiti.

"Mama yako ana uvimbe kwenye titi," alisema.



"Ameuficha tangu mvua zilizopita. Wewe ni daktari wa upasuaji. Unakula kwenye meza yake kila Jumamosi, na hujui. Katuni yangu imejua kabla hujamaliza sahani yako."

Ningependa kusema kwamba alilisema kwa uchungu, au lilimponyoka. Hapana. Mimi nilikuwa karibu yake, niliuona uso wake. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na tabasamu dogo sana, la mtu aliyepigwa mchana kutwa na hatimaye kapata pa kupigia. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa umempendeza.

Vikombe vililia kwenye sinia. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

Hakuliangusha lile sinia. Alilileta mpaka mezani, akaliweka, akageuza masikio ya vikombe yaelekee upande mmoja.

"Mwanangu," alimwambia mchumba wangu, "nilikuuliza kabla sijavaa."

"Uliniuliza, mama."

"Ukanijibu nini?"

Alifungua mdomo. Mkono wake ulipanda wenyewe sikioni, ukakichomoa kile kispika, na hapo ndipo mimi nilipoelewa. 

"Nilikuwa naangalia tu kama mashine inafanya kazi," alisema. "Huwa lazima mtu asikilize, la sivyo..."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba hakuna anayesikia."

Shangazi alianza kulia kwa sauti, na Daktari akasimama, rangi imemtoka. "Mama, twende chumbani nikuangalie. Sasa hivi. Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mwanao!"

Mama alimtazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Bila hasira. Alimtazama kama anavyomtazama mteja anayedai nguo ambayo hajaleta kitambaa chake.

"Nilikupigia simu," alisema. "Ukasema, 'Mama, sema haraka, naingia chumba cha upasuaji.' Nikasema haraka kwamba sijambo. Nikapiga tena, ukasema hivyo hivyo. Kitu hiki hakisemeki haraka, Daktari."

Kaka yangu alikaa chini.

"Na wewe," Mama alinigeukia, "huko kliniki unawafundisha wake za watu. Hapa ukija unalala kwenye kochi umechoka, nakuonea huruma. Yule dada wa kwenye miwani anainamisha kichwa kama wewe. Nilipomwona nikasema moyoni, kumbe mwanangu leo ana nafasi. Ndiyo maana nilimwambia."

 Nilibeba begi la mchumba wangu, nikamshika mkono juu ya kiwiko, nikamtoa nje.

Tulisimama getini, kwenye kijia cha saruji. Upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anaosha gari lake, akapunguza maji ya mpira ili asikie vizuri.

"Nimemsaidia," mchumba wangu alianza, hata kabla sijamwachia. "Sista, tafakari kidogo. Asingesema kwa mtu yeyote. Sasa mnajua, atatibiwa. Mwisho wa yote si ndicho tunachotaka?"

"Ulisikia lini?"

"Nini?"

"Ulisikia lini alichosema Mama?"

"Wakati... pale alipokuwa anaongea."

"Goti langu lilikuwa linagusa goti lako. Nikakuuliza vipi, ukasema hamna kitu, ukanywa maji. Ungeweza kuniambia, twende nje mara moja. Ungeweza kumfuata Mama jikoni, ukapiga magoti, ukamwambia mama nimekosea, nimesikia. Hukufanya lolote. Ulikaa nayo. Ukaisubirisha mpaka utukanwe."

"Kaka yako alinivua nguo mbele ya watu!"

"Na wewe ukamvua Mama."

Alifunika uso kwa viganja. Vidole virefu, vilivyonifunga kamba za viatu siku niliyoumia mgongo, vilivyonichora usingizini kwenye basi. Nilitamani kuvishika. Nilijichukia kwa kutamani.

"Nilitaka wanione mtu," alisema. "Siku moja tu. Nimekaa pale nimeitwa mchora vikaragosi, redio, sijui nini, na wewe umekaa umeinamisha macho. Hata wewe hukunitetea sana."

"Kaka yangu ana dharau, namjua tangu nimezaliwa. Dharau yake anakutupia usoni na wewe unaiona. Yako wewe umeificha kwenye upole. Umemwinulia Mama ushungi kwa vidole viwili asiumie, ukamdanganya. Ulimwona nani pale? Mtu wa kujaribia mashine?"

"Nilimwona mama mkwe wangu."

"Na wagonjwa wangu..." nilisema, na ndipo wazo lenyewe liliponijia. "Wale wanawake kliniki waliovaa hii miwani. Nao uliwasikiliza?"

 Jirani alifunga maji kabisa.

"Ni kwa ajili ya kurekebisha," alisema mwishowe, polepole. "Kila mtu anayetengeneza vitu hivi hufanya hivyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wavae. Waliniamini mimi."

"Bado unanipenda?" aliuliza ghafla, sauti imevunjika, na macho yale yale ya kwenye kiti kibovu karibu na sinki yakanitazama.

"Ndiyo," nilisema. "Na ndilo linalonitia kinyaa."

Nilimrudishia begi lake. Nikafunga geti kwa komeo.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mkuu wa kliniki kila kitu, na miwani ikaondolewa kwenye chumba changu kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Wale wanawake nikawapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja. Wengine walinitukana, nikawasikiliza. Mama alipimwa siku hiyo hiyo, wakampiga picha, wakachukua kipande kidogo wakakipeleka maabara. Kilikuwa kile tulichokiogopa, lakini kilikuwa bado hakijatembea. Daktari hakuruhusiwa kumpasua mama yake mwenyewe. Alikaa nasi kwenye benchi la nje kama jamaa wa mgonjwa yeyote, amevaa shati la nyumbani, na nesi aliyepita akamwambia asogeze miguu. Aliisogeza.

Baada ya upasuaji, Mama akiwa wodini, amefungwa bandeji kifuani na tayari anamlaumu mshonaji wa mapazia ya hospitali, mchumba wangu alitokea mlangoni. Hakuwa na begi. Alikonda. Kaka yangu aliinuka, Mama akamwonyesha kidole akae.

Alikuja mpaka kando ya kitanda, akapiga magoti sakafuni mbele ya wagonjwa wote.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikudanganya, nikasikiliza, halafu nikaitoa siri yako nje kama kitu changu. Sina cha kujitetea. Kazi nimeacha."

Wodi nzima iliacha kutafuna.

"Inuka," Mama alisema. "Sakafu imemwagiwa dawa, utachafua suruali." Akamtazama alivyokuwa anainuka. "Nimekusamehe. Kama si wewe, labda ningekufa na haya zangu, na hilo pia nalijua. Asante kwa hilo. Kwa lile jingine nilikulaani siku mbili, sasa nimeacha."

"Asante, mama."

"Lakini binti yangu hutamwoa."

Aliniangalia mimi. Wote waliniangalia mimi, hadi yule bibi wa kitanda cha dirishani. Nilingoja moyo wangu ubishe. Ulibisha kweli, ulipiga makelele, nikauacha upige.

"Mama ametangulia tu kusema," nilimwambia. "Ni neno langu pia."

Aliitikia kwa kichwa. Nilimsindikiza mpaka mwanzo wa ngazi kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Hatukugusana. Harufu yake ilikuwa ile ile, sabuni na penseli.

"Ungeniambia nifanye nini, ningefanya," alisema.

"Najua. Ndiyo shida. Nilitaka ujue bila kuambiwa."

Alianza kushuka, mkono kwenye kishikio cha ngazi, pole pole, kama mzee. Nilisimama nikimtazama na kumwomba Mungu ageuke.

Akageuka.

Nikaingia wodini, nikafunga mlango.